Ndege ya Mwalimu, Kuku wa Dana

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na ndege yenye mbio kuliko kitu chochote kinachosonga kati ya Homa Bay na Migori, na katika miaka yote aliyonifundisha hakuwahi kufika darasani kwa wakati. Kengele inalia, tunasimama, tunaketi, tunaanza kelele, tunachoka na hizo kelele, ndipo unamwona kwa mbali akivuka uwanja wa mpira. Alitembea kama mtu anayetoka kuzika. Siku moja mbuzi wa mpishi alimpita, akafika mbele, akasimama kumngoja.

Tulimwita Mwalimu tu. Walimu wengine walikuwa na majina ya utani, mengi nimeyabuni mimi na nimeyalipia kwa kufyeka nyasi. Yeye nilijaribu kumpa jina, halikushika. Ukimtania alikuangalia kwa yale macho yake mekundu ya usingizi, akasema, "Sawa," halafu wewe ndiye unabaki na aibu. Msee hana pahali pa kumshika.

Watu wakisikia kwamba mtu wa kwetu amejitengenezea ndege, wanafikiria mabati na injini ya kusagia unga. Hapana. Kabla ya kuingia ualimu alikuwa fundi wa ndege huko Nairobi, kwa hiyo alijua anachofanya. Alinunua michoro na vipande kutoka ng'ambo, kidogo kidogo, akaunganisha mwenyewe nyuma ya nyumba yake. Kuhusu pesa usiniulize, hata mkewe hakuuliza. Miaka mingi bawa moja lilikaa sebuleni, wageni wakilitundikia makoti. Mkewe mwenyewe alianika nepi juu yake, na yule mtoto wa nepi alikuwa amemaliza chuo kabla bawa halijatoka nje. Maafisa walikuja kutoka Nairobi, wakagonga hapa, wakachungulia pale, wakaondoka, wakarudi, wakaondoka tena, mpaka siku moja wakachoka kabla yake na kumpa ruhusa.

Ilikuwa nyeupe, nyembamba, ya watu wawili, mmoja nyuma ya mwingine kama watu wa bodaboda. Mabawa yake yalikuwa mafupi, na hapo ndipo shida yote ilipolala. Alitueleza darasani, akichora ubaoni kwa chaki iliyobaki kama jino. Ndege ya bawa kubwa, alisema, unaweza kuipeleka taratibu na bado hewa itaibeba. Hii yake bawa limekatwa kwa ajili ya mbio. Ukiiambia itulie, inaanguka.

"Kwa hiyo haijui polepole," nikasema.

"Haijui," akajibu. Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mzazi anayezungumzia mtoto aliyefukuzwa shule ya tatu.

Nadhani ndiyo maana yeye mwenyewe alikuwa polepole hivyo. Mbio zote alikuwa ameziweka kwenye kile kitu, hakubakiwa na za kuvukia uwanja wa mpira.

Uwanja alioutumia uko nje ya mji. Si uwanja wa kujisifu. Ng'ombe wanaujua, mbuzi wanaujua, na akina mama wanaokausha omena wanaujua kuliko wote, kwa sababu ardhi iliyosawazishwa na jua lisilo na kivuli ni kitu cha maana sana kwa mtu mwenye neti ya omena mbichi. Jumamosi moja tulikwenda kumtazama akiruka. Tulimkuta ameketi chini ya bawa, kofia magotini. Mbele yake, katikati kabisa ya njia ya kurukia, neti zilikuwa zimetandazwa zinang'aa kama bati jipya.

"Japuonj," mama mmoja akamwita, na hilo ni neno la Kiluo la mwalimu, "si ungoje kidogo tu. Upande huu bado ni mbichi."

"Bado sana?"

"Zitakauka. Wewe una ndege, haraka ni ya nini?"

Akangoja. Yawa, jamani, mtu ana mashine inayoweza kufika Migori kabla chai haijapoa, na ameketi anangoja samaki wadogo wakauke. Zilipokauka na kuanuliwa, korongo wakubwa wenye upara wakashuka kuokota mabaki, na hao hawafukuziki kwa adabu. Korongo mmoja akiingia kwenye propela, yeye amekwisha na wewe umekwisha. Basi Mwalimu akawakimbiza kwa miguu, mikono juu, koti likipepea. Walikuwa wanaruka hatua mbili na kutua nyuma yake. Tulicheka mpaka nikaumwa na mbavu. Yeye hakukasirika. Alipofika karibu nasi alikuwa anahema, akasema, "Mnaona? Kuruka ndiyo kazi ndogo."

Ni kweli. Kuwa na ndege kama hiyo, nilikuja kuelewa, si kuruka. Ni kukagua. Neno lake lilikuwa hilo: "Kagua tena." Alikagua mafuta, akakagua skrubu alizozikagua jana, akapitisha kidole kwenye kila ufa wa rangi. Mitihani yetu pia aliikagua tena, na kila akikagua alama zinashuka. Jumamosi zake zote ziliishia pale, na Jumapili mchana, na likizo. Alikuwa na harufu ya petroli hata kanisani. Mtu akimwambia, "Mwalimu, una raha wewe," alitabasamu upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayeulizwa habari za mapacha wake wachanga.

Kuna soksi. Chini ya bawa kulikuwa na kibomba kidogo kinachopokea upepo na kuuambia mshale wa mbele ndege inakwenda kasi gani. Nyigu wa huku wanakipenda kibomba hicho, wanakiziba kwa udongo na kutaga humo. Kwa hiyo Mwalimu alikivisha soksi ya mtoto, ya manjano, na kabla ya kuruka anaivua. Huyu mtu wa kukagua tena, siku moja alisahau soksi. Akaruka nayo mpaka juu ya Migori na kurudi, na safari nzima mshale ulisema sifuri.

"Mashine yangu yenye mbio zote hizo," alituambia, "ikaniapia kwamba nimesimama."

"Ulisikiaje, Mwalimu?"

Akafikiria. "Nilisikia kupumzika," akasema, halafu akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Na kulikuwa na matanga. Mtu alipokufa upande wa Rangwe, mzee mwenye jina, familia iliomba Mwalimu apite juu kutoa heshima. Hakujua kukataa. Siku ya maziko mwenye kipaza sauti akatangaza, "Waombolezaji, naomba tusimame, ndege ya heshima inakuja." Watu wakaanza kusimama, na matanga yetu yana wazee, kusimama si jambo la mara moja. Kikapita kitu kwa mlio kama wa mtu anayepasua shuka. Waliposimama wote, mbingu ilikuwa tupu. Mwenye kipaza sauti akasema, "Naona amepita." Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Nani?" Walimpigia simu baadaye kulalamika kwamba heshima yake ilikuwa fupi. Walitaka aje tena, polepole. Ilibidi aeleze habari za bawa fupi kwa watu waliofiwa.

Sasa nije kwa Dana, kwa maana mengine yote ni ya kuchekesha tu.

Shule yetu iko Homa Bay lakini kwetu mimi ni upande wa Migori, kijijini, kwenye miwa, na boma linalopakana na letu ni la mama yake Mwalimu. Sisi watoto tunamwita Dana, yaani bibi, ingawa hakuna undugu zaidi ya uzio. Yeye hakuwahi kusema neno baya wala zuri kuhusu ndege. Alichotaka ni kimoja, na alikisema kwa yeyote aliyekaa naye vya kutosha: mtoto wake aje akae, ale chakula chake, aondoke baadaye. Basi.

Zamani, Mwalimu alipokuwa na nauli tu, alikuja kila mwisho wa mwezi. Tangu apate kitu cha kumfikisha kwa muda wa kunywa chai, hakufika tena. Uwanja ulio karibu na kwetu aliona ni mfupi kwa ndege yake. Kutua angetua, lakini kuondoka ingekuwa hadithi nyingine. Na kuja kwa barabara kungekula Jumamosi nzima, nayo Jumamosi ilikuwa ya kukagua. Kwa hiyo alikuja juu. Karibu kila wiki mbili alipita juu ya boma, akainamisha bawa upande wa jikoni kwa mama yake, akageuka, akarudi Homa Bay. Yeye aliita hiyo kusalimia.

Dana aliita hiyo kuja. Kwetu mtu akionekana kwenye njia ya boma, sufuria inakaa motoni kabla hajagusa mlango. Huwezi kumngoja mgeni aketi ndiyo uanze kutafuta kuni. Na kwa Dana, mtoto wake akiwa juu ya boma tayari amefika njiani. Alikamata kuku, akachinja, akasonga ugali, akaweka meza yenye kitambaa cha shughuli. Halafu alikaa. Chakula kilipopoa, nami nikiwa nyumbani likizo, alifika kwenye uzio na kuniita.

"Kijana, kuja ule. Japuonj amechelewa."

Hakusema hatakuja. Amechelewa. Nami, kwa kuwa ni kijana mwenye huruma, nilikula. Nilikula paja, nilikula firigisi, sehemu ya mgeni wa heshima. Nimelelewa na ile ndege. Ukiniona na hii afya, asante Mwalimu.

Masikio ya Dana yalianza kuondoka nilipokuwa kidato cha pili. Niliona huo ndio mwisho wa firigisi. Lakini nilisahau kuku. Kuku wa boma lile waliujua mlio kuliko mtu yeyote, maana kila ulipopita mmoja wao hakuonekana tena. Ukianza tu, hata kabla mimi sijausikia, wanainua vichwa na kuzama kwenye miwa wote kwa pamoja. Dana akiona kiwanja kitupu anafunga leso kiunoni. "Anakuja," anasema, na kwenda kutafuta kiberiti. Halafu ni mimi wa kuingia miwani kumtoa kuku, nikichanwa na majani. Hakuna chakula cha bure.

Mwalimu hakujua lolote. Kutoka juu aliona paa, moshi, na mtu mdogo amesimama. Moshi aliudhania ni moshi.

Alijua kwa sababu yangu, na sikupanga. Muhula wa kwanza wa mwaka huu alikuwa anatufundisha mwendo. Alifika amechelewa, akaegemea meza, akauliza, "Nani ataniambia kasi ni nini?" Darasa kimya. Nikainua mkono, kwa maana kimya kinaniwasha.

"Kasi, Mwalimu, ni kufika kwenu kabla ugali haujasongwa na kuondoka kabla haujapakuliwa."

Wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakusema "Sawa" yake. Aliniangalia.

"Ugali gani?"

"Wa Dana, Mwalimu. Ukipita anapika."

"Siku gani?"

"Ukipita."

"Kila nikipita?"

"Na kuku."

Darasa bado lilikuwa linacheka, likidhani ni mchezo wetu wa kawaida. Akauliza polepole, "Nani anakula?"

"Mtu wa karibu," nikasema. Halafu, kwa kuwa aliendelea kuniangalia, nikasema, "Ni mimi, Mwalimu."

Akavuta kiti akaketi. Hatukuwa tumewahi kumwona akikalia kile kiti. Kina mguu mbovu. Akatuambia tusome ukurasa wowote. Nilidhani atanipa adhabu na nikawa tayari, nina uzoefu. Kengele ilipolia alikuwa bado ameketi, anatazama mikono yake, ile yenye weusi wa grisi usiotoka.

Mtu mwingine angeenda nyumbani Jumamosi ile ile. Lakini Jumamosi ile ile kulikuwa na afisa wa ukaguzi anayekuja kutoka Nairobi, na iliyofuata breki ilikuwa inavuja, halafu presha yake ikapanda na daktari akamwambia apumzike kuruka. Yeye alifanya kile alichoona ni wema: aliacha kupita juu ya boma. Kama kupita kwake kunamtesa mzee na kuni, basi asipite. Kwa hesabu za fizikia ilikuwa sawa kabisa.

Nilipofika kwetu likizo ya Aprili niliona matokeo. Kuku walikuwa wamejaa. Wanene, wajeuri, wamelala mlangoni kwa Dana kama askari wa lindo, wanakunyang'anya mkate mkononi. Dana alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkeka, leso imefungwa kiunoni saa hizo za asubuhi, na hakuna alichokuwa anapika. Nikampigia kelele za salamu karibu na sikio.

"Japuonj wenu yu hai?" akaniuliza.

"Yu hai, Dana!"

"Unamwona kwa macho?"

"Ananifundisha!"

Akanitazama mdomoni ili asome kama ninadanganya, kwa maana ananijua. "Kuku hawakimbii siku hizi," akasema. "Nikafikiri ameanguka mahali na watu wananificha." Akavuta pumzi. Alikuwa amekonda mikono. Mama yangu aliniambia baadaye kwamba hali chakula vizuri, anapika uji tu, kwamba hata mjumbe wa kanisa alimletea samaki akawapa paka. "Ukirudi shule mwambie kuku wamekuwa wengi," Dana akasema. "Usimwambie lingine."

Nilirudi shule na ujumbe huo. Nimewahi kubeba mambo mengi kuingia shule ile, mengine chini ya soli ya kiatu, lakini hakuna lililonilemea kama hilo. Nilimkuta Mwalimu uwanjani kwake. Ndege ilikuwa imefunikwa turubai, magurudumu yameshikwa nyasi, soksi ya manjano iko mahali pake. Yeye alikuwa anakagua.

"Nimeambiwa nikwambie kuku wamekuwa wengi."

Akasimama na kitambaa mkononi. Nikangoja aulize maana. Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka mfukoni, akasema, "Nilidhani nimempumzisha."

Muhula ukaisha, naye akastaafu nao, bila hotuba, alichelewa kwenye sherehe yake mwenyewe na keki ilikuwa imekatwa. Kwa hiyo sikutarajia kumwona tena, achilia mbali kule kwetu.

Ilikuwa Agosti, mchana. Nilikuwa kwenye uzio nikitafuna muwa. Mtu akatokea kwenye njia kutoka lami, koti mkononi, mkate na sukari kwenye mfuko wa karatasi, viatu vyekundu kwa vumbi. Nilijua ni yeye kwa mwendo. Hakuna mwingine anayeweza kuchukua muda huo kuvuka shamba dogo namna ile. Alipita katikati ya kuku. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Mmoja alimdonoa kamba ya kiatu.

Akafika mlango wa jikoni. Dana alikuwa ndani, mgongo kwetu, anachambua mboga. Mwalimu akabisha hodi. Akabisha tena. Akasema, "Mama." Mboga zikaendelea kuchambuliwa. Aligeuka akanitazama, na sijawahi kuona mtu mzima amechoka vile. Miaka yote alikuwa amefika kwa kishindo cha kutikisa mabati, na sasa amekuja mwenyewe kwa miguu, hasikiki.

"Kijana," akasema, "nitamwambiaje nimefika?"

Nilitema muwa. Nikaruka uzio, nikatandaza mikono, nikainama upande mmoja kama alivyokuwa akiinamisha bawa, nikakimbia kiwanjani nikinguruma kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu na firigisi zake. Kuku walikumbuka. Walipasuka pande zote, manyoya juu, wakazama kwenye miwa, na vumbi lao likapita mbele ya mlango.

Dana akaacha mboga. Akafunga leso. "Anakuja," akasema peke yake, akanyoosha mkono kutafuta kiberiti, akageuka kuangalia mbingu, na mlangoni mbingu ilikuwa imezibwa na mtu.

Hakupiga kelele. Alimshika mkono akauzungusha, akatazama ile grisi, akaufuta kwa leso, haikutoka. "Kaa," akamwambia. "Sufuria haijachemka."

Mimi nikaingia miwani kumtoa kuku, kama kawaida. Nilipotoka na mmoja nilimkuta Mwalimu amewekwa kwenye kiti chenye mto, meza yenye kitambaa cha shughuli mbele yake, na amelala. Kichwa kimeangukia bega, mdomo wazi, viatu bado miguuni. Alilala kuku akinyonyolewa, akalala ugali ukisongwa. Chakula kikawekwa, mvuke ukapanda usoni pake, hakushtuka. Firigisi ilikuwa juu kabisa ya bakuli, inanitazama.

Nikainuka nimguse. Dana akanipiga kofi dogo la mkono.

"Mwache," akasema. "Ametoka mbali."

Tukakaa hapo, yeye na mimi, hakuna aliyegusa kitu, tukitazama chakula kikipoa.